Hesabu Aliyoninong'oneza Wegesa

Kuna Ijumaa moja inanijia mpaka leo, mwanangu, kila ninapokusikia ukisema yule mwenzako wa dawati anajidai. Nilikuwa kidato cha pili pale Mwisenge, na kwenye aljebra sikuwa na mpinzani, hadi Wegesa alipohamia kwetu kutoka Nyegina. Msichana mpole, soksi zimelegea, hesabu anazimaliza wakati wenzake bado wanachonga penseli. Mwalimu akaanza kumwita yeye ubaoni. Wivu ulinikaba, sikufichi. Hata kicheko chake kilikuwa kinaniudhi.

Ijumaa hiyo mwalimu alikuwa anatafuta mmoja wa kwenda kushindana na shule za Bunda. Niliitaka safari ile kuliko nguo ya Krismasi. Akaniita mimi kwanza, akaandika xy + 6 + 2x + 3y, akasema nitafute vigawo vyake kwa kupanga mafungu. Nikazifungia namba mbili za mwanzo, xy na 6, kwenye mabano. Hazikuwa na kitu cha kutoa nje. Mbili za mwisho, vilevile.

Wegesa, aliyekaa dawati la mbele, akaninong'oneza: "Dada, hamisha hiyo sita. Weka 2x karibu na xy."

Nilimsikia vizuri, na papo hapo nikajua amepatia: huku x ingetoka nje, kule ingetoka tatu, na mabano yangebaki yanafanana. Lakini niandike kitu kilichotoka kinywani mwake? Thubutu! Nikaweka chaki chini, nikasema hesabu yenyewe imekosewa.

Mwalimu akamwita yeye. Akahamisha, akamaliza: (y + 2)(x + 3). Darasa likapiga makofi, nami nikapiga, kwa ncha za vidole.

Baadaye mwalimu aliniita kando. "Wewe unasikiaga vizuri tu," alisema. "Ila unaangaliaga kwanza nani kasema."

Wegesa akaenda Bunda, mimi nikarudi nyumbani Kamunyonge kuosha vyombo. Na uzee wote huu, bado inaniuma.

Kwa hiyo sikwambii usione wivu, mwanangu. Utauona, mimi mwenyewe sijaumaliza. Nakwambia uone, halafu kesho umsogelee huyo mwenzako umwulize, "Hapa umefanyaje?" Akikujibu, andika.

Mungu akujalie marafiki wanaokushinda, na akupe mdomo wa kuwauliza.