Nilivyompigia Goti Baba Mkwe Wodini

Jamani, aibu hii nikikaa nayo peke yangu nitapasuka. Asubuhi baada ya kubadilishiwa goti sikusikia maumivu hata chembe, maana daktari alikuwa amenichoma sindano ya ganzi kwenye mishipa ya fahamu ya mguu. Nesi akanionya, “Mama, usishuke peke yako, huo mguu bado umelala.” Mimi nikajiona nimeshapona, nikairingia wodi nzima.

Mara akaingia baba mkwe, katoka Kisesa. Mwanamke gani wa Kisukuma anamwamkia mkwewe akiwa amejilaza? Nikateremka nipige goti. Mguu haukunipokea. “Shikamoo babaaa!” Nikamwangukia mzimamzima, mzee ambaye miaka thelathini sijawahi kumgusa hata mkono.

Akanidaka, akageuzia uso ukutani, akapaza sauti: “Marahaba, mwanangu. Nesi, njoo unitue!”