Tulivyouana kwa Bunduki za Migomba

Sisi tuliokulia Ngamiani, Tanga, wakati redio moja ilisikilizwa na mtaa mzima, tuliuana sana. Tuliuana kila jioni tukitoka chuoni, juzuu zikiwa bado kwapani. Bunduki tulitengeneza wenyewe kwa bua la jani la mgomba: unachanja ulimi hapa, ulimi pale, unazisimamisha zote, kisha unapitisha kiganja juu yake, tararara! Utomvu ulitia magauni yetu madoa yasiyotoka kwa sabuni yoyote, na mama akiyaona alisema, "Kafueni wenyewe, askari nyie." Kuua hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kumfanya mtu akubali kwamba amekufa. "Umekufa wewe!" "Sijafa, imenipita!" Mdogo wangu Rehema hakukubali kufa hata siku moja. Ukimpiga mgongoni anasema amevaa chuma. Kisha inatoka uani harufu ya mihogo ya nazi, na maiti wote wanafufuka wakimbilie kunawa.

Ugomvi wa kweli nao ulikuwepo. Mkikosana darasani, mchonganishi anawangojea nje ya geti. Anachota mchanga, anafanya vichuguu viwili mfano wa matiti: "Hili ziwa la mama yako, hili la mama yake." Atakayekanyaga la mwenzake ndiye kaanzisha vita. Duara linajaa watoto, vumbi linapanda, vifungo vya shati vinaruka. Na hapo ndipo anapotokea Bi Mwanaisha muuza vitumbua na mwiko wake, anawachapa wote wawili bila kuuliza nani mkosaji. Ukifika nyumbani habari zimeshakutangulia. Mama anakutazama toka kichwani mpaka miguuni, anasema, "Kaoge. Baba yako akirudi utaeleza."

Lakini tusidanganyane, wenzangu. Darasani kwetu alikuwepo Mbwana, mwenye kigugumizi. Wavulana walimwiga kila siku, mpaka akaacha kujibu hata anapoulizwa na mwalimu. Siku moja alisimama nyuma ya madarasa na bunduki yake ya mgomba, akatuelekezea mmoja mmoja, taratibu. Hakusema tararara wala hakucheka. Alipomaliza aliitupa, akaondoka. Sisi tulicheka. Siku hizi, kila ninapoona habari za mtoto aliyefyatua risasi katika shule fulani huko Marekani, wazazi wamezuiwa na utepe wa polisi, wengine wameshika viatu vya watoto, namkumbuka Mbwana, na sijui tena kama alikuwa akicheza.

Habari hizo ninazionea Dubai, ninakoishi na mume wangu na mwanetu Idrisa. Mume wangu anafanya kazi kwenye maghala ya bandari ya Jebel Ali. Mimi ni fundi cherehani katika duka linaloshona sare za shule. Kuna televisheni ukutani ambayo arbab wetu, yaani mwenye duka, haizimi. Wiki moja ilionyesha shule nyingine tena, na mwenzangu Mganda akasema, "Hawa watoto wamelishwa nini?" Nikaendelea kupinda sketi ya mtoto wa darasa la kwanza.

Idrisa ana miaka kumi na mitano. Nywele zake amezisimamisha kama jogoo aliyenyeshewa, vidole gumba vina kasi kuliko cherehani yangu, na akiwa na njaa ananitumia ujumbe wa simu kutoka chumba cha pili. Mlango wake hufungwa. Jumamosi ya wiki ile ile, alasiri, nilikuwa nampelekea sahani ya kachori, nikamsikia ndani akisema kwa sauti ya chini, "Wote? Hata mwalimu?" Akasikiliza jibu. "Basi kama ni Jumatatu, usimwambie mtu mwingine."

Nilifungua bila kubisha. Alizima kioo cha kompyuta haraka, akavua zile spika kubwa za masikioni.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Ni gemu tu, Mama. Praivasi, tafadhali."

Neno hilo kwetu halikuwepo. Sisi tulilala watatu kitanda kimoja, hata ndoto za mwenzako ulizijua. Niliweka sahani, nikatoka, lakini moyo haukukubali. Alipokwenda kuoga nikaingia kwenye begi lake kama mwizi. Nilitoa madaftari, nikapapasa mifuko, nikainua godoro, nikanusa fulana yake ya mazoezi, na sijui nilitarajia kunusa nini. Hapakuwa na kitu ila makombo ya biskuti. Bado sikutulia. Niliketi kitandani kwake nikamngoja.

Alipoingia na kuona begi limefunguliwa, uso ulimbadilika.

"Idrisa," nikasema, "nani anakufa Jumatatu?"

Nilidhani atafoka. Alikaa chini sakafuni na taulo lake, akaanza kulia kama alivyokuwa akilia alipokuwa mdogo, bila sauti. Alikuwa akiongea na Feisal, mtoto wa Rehema. Rehema yule yule asiyekubali kufa aliolewa akahamia Marekani, na watoto wetu hucheza pamoja mtandaoni, huku jioni, kule asubuhi. Feisal alimwambia kwamba shuleni wanamrekodi akila, akitembea, hata akiwa chooni, kisha wanasambaza picha watu wacheke. Akasema anajua kabati ambamo baba yake anaweka bastola. Akasema Jumatatu watamjua.

"Na wewe ukanyamaza?"

"Sisi wote tunasema hivyo, Mama! Kila siku mtu anasema nitakuua, nitawamaliza. Ndiyo maneno yetu. Sasa mimi nitajuaje lipi ni la kweli?"

Nilimpigia Rehema pale pale. Kwao ilikuwa bado asubuhi, akanipokea kwa furaha, nyuma yake vyombo vinagongana. Nilimweleza. Vyombo vikanyamaza.

"Dada, unamwita mwanangu muuaji?"

"Sijasema hivyo. Nimesema kaangalie ile bastola."

"Feisal hawezi kuua hata mende. Wewe mwanao mmoja tu hujui anafanya nini chumbani, unanifundisha mimi kulea?" Akakata.

Nilipiga tena, hakupokea. Nikamtumia ujumbe wa sauti: "Rehema, mdogo wangu, nenda kabatini sasa hivi. Ukiikuta, nitukane utakavyo, nitasikiliza yote." Kisha tukakaa mimi na Idrisa, kachori zimepoa, hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilikuwa naomba nitukanwe.

Simu ilipolia nilisikia pumzi tu.

"Haipo," Rehema akasema. "Dada, haipo."

"Usikate. Feisal yuko wapi?"

"Chumbani kwake."

Nilisikia hatua zake, nikasikia mlango, nikasikia anamwita kwa jina lake la utotoni. Bastola ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya boksi la viatu, imejaa risasi. Mama yake alipomuuliza alitaka kumpiga nani, alijibu, "Sijaamua kama ni wao au mimi." Nilisikia Rehema anaanguka juu yake, wanalia wote, na mimi huku nimebana simu sikioni kama vile ningeweza kuwashika.

Baba yake aliitoa silaha ile nyumbani siku hiyo hiyo. Feisal alipelekwa hospitali, akakaa na madaktari wanaojua kuzungumza na watoto, shule ikaambiwa, akahamishwa. Yuko hai, na wenzake wako hai. Rehema hakunipigia kwa muda mrefu. Nilijua ni aibu, lakini pia, najua, alikuwa akijiuliza ningemwambia nani. Aliporudi kuzungumza alisema maneno machache: "Nilikuwa jikoni, dada. Hatua chache tu kutoka kwake." Mwezi uliopita Feisal mwenyewe aliniamkia kwenye simu, "Shikamoo, mama mkubwa," na sauti imeshakuwa nzito ya kiume. Nilimwitikia, nikamuuliza kala nini.

Watu husema vijana wa leo wameharibika. Mimi siamini hivyo moja kwa moja. Nashuku chuki ilikuwa ile ile, na uchungu ule ule, ila wetu ulitoka nje barabarani ukapigwa mwiko mbele ya watu, na kilichokuwa mikononi mwetu kilikuwa bua bichi. Leo uchungu unajifungia ndani na vitu vya masikioni, na ukitoka, unatoka na chuma.

Zamani mama hakuniuliza habari za shule; mtaa ulikuwa umeshamweleza yote, na mengine umeongeza. Mimi huuliza kila siku. Idrisa hunung'unika kwamba namchunguza kama polisi, na ni kweli, namchunguza. Jana alirudi, akavua viatu, akasema, "Salama, Mama, hakuna jipya." Nikasema, "Alhamdulillahi." Kisha nikavuta kiti, nikakaa mbele yake kumsikiliza.