Sambusa za Hitima ya Baba

Mama alikuwa ametoka kwenda sokoni. Sambusa za hitima ya marehemu baba zilikuwa mezani, kwenye beseni, zimefunikwa kanga. Mimi nilikuwa sebuleni nashona. Nilikuwa nimerudi kwetu Tabora baada ya ndoa yangu kuvunjika. Nikaenda nichukue moja tu. Nilipozinduka nilikuwa nimekaa sakafuni stoo, nyuma ya mlango, tumbo linaniuma, beseni tupu. Hata ladha yake siikumbuki.

Haikuwa mara ya kwanza. Nilishakula hivyo mikate, karanga, hata michembe mikavu ya viazi vitamu, kwa kujificha. Kesho yake nashinda njaa kujiadhibu, na jioni mambo yanakuwa yaleyale.

Mama aliporudi akadhani paka ndiye aliyekula sambusa, akamshika, akamtia kwenye kiroba, akamwita jirani mwenye baiskeli akamtupe mbali. Paka yule alikuwa wa baba. Alilia humo ndani mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Mama, muache. Ni mimi."

"Zote?"

"Zote."

"Kwani ulikuwa na njaa?"

"Hapana."

Akafungua kiroba. Wageni tuliwakaangia mihogo.

Jumatatu akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu huyu ana minyoo."

Daktari akanigeukia. Je, huwa nakula kwa kujificha? Nikianza, naweza kuacha? Nikimaliza, najisikiaje? Nilijibu huku nalia, maana sikujua kama kuna mtu mwingine anayeyajua mambo hayo.

"Mama, hii siyo minyoo, wala siyo ulafi," alisema. "Ni maradhi, na yana tiba." Akanieleza kwamba kule kushinda njaa ndiko kulikokuwa kunayachochea, akanipangia siku za kuonana na mshauri.

Kwenye bajaji mama aligeuka akatazama nje. Akasema, "Na mimi nilikuwa nakuita pipa mbele za watu."

Nilimshika mkono.

Tangu hapo tunakula pamoja, asubuhi, mchana na jioni, na hakuna anayeutaja mwili wangu. Siku nyingine bado hali ile inanishinda. Nikishatulia namwambia, naye ananipa kazi ya kuchambua mchele, tunakaa sebuleni tukiongea mambo mengine kabisa.