Figo, Kibofu na Mtu Mmoja

Figo zangu zilikufa zote mbili, na kibofu nacho kikasinyaa, hakishiki mkojo. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba figo peke yake haitanifaa. Mkojo wake utakwenda wapi? Kwa hiyo daktari mmoja wa hapa Minneapolis, Marekani, aliponiita anieleze upasuaji wa majaribio, wa kupandikizwa figo na kibofu vya marehemu mmoja kwa pamoja, nilikubali kwenda. Sikutaka kutumaini. Nilitumaini.

Sisi watu wa Mombasa hatumwachi mgonjwa aende peke yake kwenye jambo zito. Nilimwambia kaka yangu tu, basi. Asubuhi chumba cha daktari kikajaa. Kaka, mkewe, majirani wa Bloomington, akina mama wa msikitini na chupa zao za chai. "Leo umenyoa, bwana harusi!" shemeji akanitania. Daktari mwenyewe akakosa pa kukaa.

Alieleza kwa upole. Waliowahi kufanyiwa ni wachache mno, na hata yeye hajui kibofu hicho kitadumu muda gani. Nikipandikizwa, lazima mtu mmoja akae nami usiku na mchana kwa miezi: anipe dawa kwa wakati, anipime joto, anikimbize hospitali. Mke wangu yuko Mombasa, wamemnyima viza. Je, ninaye mtu?

"Tupo sote!" kaka akadakia, na chumba kizima kikaitika, sote, sote, inshallah. Wallahi machozi yalinilengalenga.

"Vizuri," daktari akasema. "Niandike jina la nani?"

Wakainamia viatu vyao. Kaka anaendesha trela, nyumbani ni mgeni. Shemeji anatunza wazee kule Coon Rapids, shifti juu ya shifti, akikosa wanamfuta. Basi wakaanza kupangana: huyu Jumatatu, yule Ijumaa baada ya swala. Daktari akatikisa kichwa. Si kupokezana. Anataka mtu mmoja atakayefundishwa na kuwajibika.

Niliwakasirikia mpaka masikio yakawaka moto. Semeni basi, hata mmoja! Kisha nikazitazama nyuso zao, na hasira ikaniishia. Kodi ya nyumba haimngoji mtu. Ningekuwa mimi, nami ningeinamia viatu vyangu.

Daktari akasema bila mtu huyo hawezi kuniingiza kwenye majaribio, na kwamba anasikitika sana. Nilimwamini.

Tukashuka kwenye maegesho, theluji inaanguka. Akina mama wakaniombea dua ndefu, wakanipakilia mabakuli ya mbaazi za nazi, na mbaazi nimekatazwa. Nilijua nitakufa, na watu wote hawa wananipenda. Kaka akanishika bega, akaniuliza kama nataka kitu, chochote kile, niseme tu.

Nikamwambia kesho ni siku yangu ya kusafishwa damu, anipeleke.

"Kesho niko safarini," akasema.