Figo la Panya na Moshi wa Zebaki

Mimi si msomi, msinicheke. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mhudumu wa maabara mjini Shinyanga, nikitunza panya weupe ambao daktari wetu aliwawekea zebaki kidogo kidogo kwenye maji. Panya akifa, nilitoa figo, nikaligandisha kwenye nta, nikalikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, nikavitia rangi. Siku moja daktari akaniita nichungulie hadubini.

Jamani! Figo la panya mzima limejaa vijifereji vilivyojengwa kwa ustadi, kuta zimenyooka. La yule wa zebaki, kuta zimemomonyoka na kifusi kimeziba njia. Na kwa nje alikuwa mnene, manyoya yanang'aa! Nilisahau hata chai. Mungu ameweka kazi kubwa namna ile ndani ya kiumbe tunachokifukuza kwa ufagio.

Hapo nikamkumbuka dada yangu mkubwa, aliyeolewa na mchimbaji kule Geita. Wachimbaji hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma donge linalopatikana mpaka zebaki iishe kwa moshi. Shemeji aliogopa macho ya majirani, basi dada ndiye aliyelichoma jikoni, mlango umefungwa, kwenye kikaango cha samaki.

Nikamwandikia aje. Aliposhuka kwenye basi nilimwamkia, nikampeleka moja kwa moja maabara. Akainamia hadubini.

"Mayu, mama yangu! Mbona kama ukuta wa tope uliopigwa na mvua?"

"Ni zebaki, dada. Mnayochoma."

"Acha utani wako."

"Haki ya Mungu."

Daktari akamwekea kioo kingine, chenye kipande cha figo la panya aliyeachishwa zebaki wiki kadhaa. Kuta mpya zilikuwa zinaota. Dada akapiga makofi kwa furaha, nami mwili ukanisisimka. Nyama iliyokwisha kufa inajishona yenyewe, bila kuambiwa na mtu!

Ghafla akaweka mkono tumboni. Ndipo nikajua ana mimba.

"Na huyu wa ndani, naye anajishona?"

Daktari akavua miwani. "Huyo hatujamtazama bado, mama. Sijui."

Dada, ambaye hakuwahi kumjibu mumewe hata neno moja, akanigeukia.

"Mwandikie shemeji yako. Mwambie achague, jiko liwe langu au la zebaki. Mimi sirudi."