Sinia la Bwana Harusi

Bi Zamzam wa Msimbazi alikuwa na mikono isiyosikia moto. Makaa aliyachota kwa vidole kama mtu anayechambua mchele, na kila alipopita karibu na sufuria, hata ya jirani asiyemhusu, aliigusa ubavuni kwa mgongo wa kiganja. Sufuria ikimuunguza, alitabasamu. Ikimvumilia, alinuna, na mwenye sufuria alijua kwamba sasa atasemwa.

"Shoga, chakula gani hiki? Cha moto si cha moto, cha baridi si cha baridi. Umempikia nani?"

Kazi yake ilikuwa kupika shughuli: harusi, maulidi, hitima. Mtu akitaka pilau ya watu mia mbili isiyoungua chini wala kuwa mbichi juu, alimfuata Zamzam. Alikuwa Mnyamwezi kwa baba na mama, ingawa alizaliwa Gerezani, na Tabora alikwenda mara moja tu, akanyeshewa siku zote tatu, akarudi. Lakini Unyamwezi wake aliutunza vizuri, kwa kuwa ulimpa utani na Wazaramo, na Dar es Salaam Wazaramo ndio wenye mji. Mtani wako anaweza kukuvua kofia, kukalia kiti chako, kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe ukikasirika, aibu ni yako. Zamzam aliutumia utani huo kila siku sokoni, hasa akitaka nazi ya kuongezewa.

Basi mwaka wa themanini na moja, Mzee Kitwana, Mzaramo muuza nazi wa soko la Kariakoo, akamwoza binti yake Hidaya kwa Shaibu, fundi redio wa Buguruni. Ulikuwa mwaka wa foleni. Mchele wa harusi ile Mzee Kitwana aliukusanya kwa miezi minne, kilo mbili mbili kutoka duka la ushirika, na majirani waliompenda Hidaya wakaongeza kibaba kibaba. Hakuna aliyekuwa na punje ya kuchezea. Mbuzi walikuwa wawili, na mpishi alikuwa Zamzam.

Msimamizi wa shughuli alikuwa Bi Zena, dada yake Mzee Kitwana. Huyu alikuwa kungwi, na harusi za mtaa zilipita mikononi mwake. Akisema mpishi fulani anafaa, mpishi huyo hapati Jumapili ya kupumzika. Akisema hafai, mpishi atafute kazi ya kuuza vitumbua.

Katika nyumba ile kulikuwa na desturi, na Bi Zena ndiye mlinzi wake. Sufuria ya kwanza ikifunuliwa, kabla hajaonja mtu yeyote, hupakuliwa sinia la bwana harusi: pilau ya juu kabisa, paja zima la mbuzi, mayai, zabibu. Linafunikwa kawa lenye nakshi, linawekwa chumbani, wala haligusi mtu mpaka mwenyewe aketi. Ndiyo heshima. Ila ukiitazama heshima hiyo kwa macho ya Zamzam, utaona kwamba mtu unayempenda kuliko wote ndiye unayemlisha chakula kilichokaa kuliko vyote.

Zamzam alikuwa na sababu ya kuona hivyo. Siku ya harusi yake mwenyewe, mama yake, Bi Mwanaidi, alimpakulia mkwewe sinia kama hilo saa nne asubuhi, na mkwe akalila alasiri. Usiku wake wa kwanza wa ndoa Zamzam aliumaliza peke yake akihesabu boriti za dari, mume yuko njiani kwenda chooni au njiani kurudi. Watu hucheka wakisimuliwa, na Zamzam hucheka nao. Lakini mtaa ulisema mama mkwe kamlisha mkwewe kitu. Bi Mwanaidi, aliyekuwa na mkono mtamu kupita wote Gerezani, hakupika tena shughuli ya mtu, na aliingia kaburini bila kujua alikosea wapi.

Zamzam alikuja kujua miaka mingi baadaye, katika darasa la afya pale kwenye tawi la chama. Bwana Afya, kijana mmoja mpole aitwaye Polycarp, alichovya kipimajoto ndani ya sufuria ya wali, akaeleza. Chakula kilichopikwa kikishuka chini ya nyuzi sitini, vijidudu huamka na kuzaana. Wali una vijidudu vyake sugu ambavyo moto wa kupikia hauvimalizi. Ukiuacha vuguvugu kwa saa nyingi, vinaacha sumu, na sumu hiyo hata ukiupasha wali mara kumi haitoki. Zamzam akaangua kilio. Bwana Polycarp alidhani amemkosea adabu, akawa anaomba radhi bila kujua ni ya nini. Zamzam alikuwa akilia kwa sababu mama yake hakumlisha mtu kitu. Sinia lilikuwa vuguvugu tu.

Tangu siku ile akawa na sheria moja: chakula kikae motoni au kipoozwe upesi, na katikati hapakaliki.

Jumapili ya harusi, saa sita mchana, jua la Februari likiwa utosini, Bi Zena alikuja uani na sinia lake.

"Shikamoo, Bi Zena," alisema Zamzam. "Hilo tulipakue wakishafika."

"Marahaba. Wewe pika, mwanangu. Desturi ya nyumba hii hukuja nayo wewe kutoka Tabora."

"Wakichelewa je?"

"Hawachelewi. Saa saba wako hapa." Bi Zena alishapakua, paja limekaa juu ya pilau kama sultani. "Na nikisikia sinia hili limeguswa, Zamzam, wallahi hupiki tena kuanzia Gerezani mpaka Buguruni."

Zamzam akageuka. Saa moja si neno, alijiambia. Akarudi kwenye masufuria yake, akapunguza moto wa chini, akapalia makaa juu ya vifuniko.

Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Hapo akafika mtu wa baiskeli, jasho linamtiririka, na habari zake. Mjomba wa Shaibu alikuwa ametafuta petroli tangu alfajiri. Alipoipata, msafara ukaondoka Buguruni saa nane kasoro dakika kumi. Na siku hizo, kila mtu anajua, Jumapili ikigonga saa nane magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani. Askari wakawasimamisha hata Ilala hawajafika.

"Sasa wako wapi?" aliuliza Mzee Kitwana, ameshika kichwa.

"Wanakuja kwa miguu. Na matarumbeta yao. Lakini wanasimama kila kona, maana watu wanatoka kucheza."

Uani watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Zamzam hakucheka sana. Kazi ilikuwa imemzidi. Kila baada ya muda aliinua ukingo wa kifuniko kuona kama mvuke unampiga usoni, akabadilisha makaa, akanyunyiza maji yaliyochemka pilau isikauke. Masufuria yote yalimuunguza, akayatabasamia moja moja. Kisha, saa tisa na nusu, akajipenyeza chumbani, akainua kawa, akaweka mgongo wa kiganja kwenye lile paja.

Lilikuwa na joto la shavu la mtu.

Alirudi uani akamkuta mama yake Hidaya, mwanamke mnyamavu, anakata kachumbari huku anaimba kidogokidogo kwa furaha. Zamzam akamtazama, moyo ukamuuma. Shaibu akiugua usiku huu, mtaa hautamsema Bi Zena, utamsema mama mkwe. Upande mmoja kulikuwa na kazi yake, riziki yake yote. Upande wa pili kulikuwa na tumbo la kijana wa watu na jina la mama huyu. Na mwenye ruhusa ya kugusa sinia lile hakuwepo.

Au alikuwepo.

Saa kumi matarumbeta yakasikika Msimbazi nzima. Shaibu aliingia na vumbi mpaka magotini, kanzu imemganda mgongoni, anacheka kama mtoto. Shehe akafungisha ndoa bila kuzunguka, maana naye alikuwa na njaa. Vigelegele vikapaa, na Bi Zena akatokea chumbani, sinia kichwani, anatembea kwa madaha.

Zamzam akamkatia njia.

"Tua chini, Mzaramo wee!"

Watu wakageuka.

"Babu zangu wamebeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani hii, migongo imechubuka, ninyi mmekaa mnakunywa madafu! Ujira wao haujalipwa. Leo nauchukua. Sinia hili langu!"

Uani kukalipuka. "Mpe mtani wako, Bi Zena! Mpe!" Bi Zena alilishikilia sinia kwa mikono miwili, macho yamemwiva, lakini afanye nini? Kumkasirikia mtani mbele ya wakwe ni kujivua nguo. Mikono ikalegea, na Zamzam akalitwaa.

Walitarajia aketi ale, maana ndivyo watani wafanyavyo. Yeye akapita nalo moja kwa moja mpaka nyuma ya jiko, kwenye shimo lililochimbwa kwa ajili ya majivu na mifupa, akalipindua. Pilau, paja, mayai, zabibu, vyote. Akavuta majivu kwa mguu akavifukia.

Kicheko kikakatika. Mchele wa foleni! Mzee mmoja akasema, "Astaghfirullahi."

"Hata kuku sitaki ale," alisema Zamzam, na sauti yake sasa haikuwa ya utani sana. "Chakula hiki kimekaa tangu saa sita. Mimi mtani nimekikataa, na mkwe wetu hatalishwa nilichokikataa mimi. Leteni sinia safi!"

Akafunua sufuria. Mvuke ukapanda mpaka juu ya paa, na harufu ya pilau ikawarudishia watu furaha. Akapakua kwa ukarimu, na juu yake akaweka paja jingine, lile lililokuwa fungu lake mwenyewe la mpishi. Shaibu, aliyetembea kutoka Buguruni kwa tumbo tupu, alinawa, akachota tonge, akalirusha mkono hadi mkono.

"Mama weee! Linaunguza!"

"Ndivyo tunavyowapenda wakwe!" Zamzam akamjibu, na nyumba nzima ikacheka, matarumbeta yakaanza upya.

Kabla ya magharibi Bi Zena alimfuata jikoni, akavuta kibao, akaketi.

"Utani umekwisha," alisema. "Sasa niambie."

Zamzam akamwambia. Alimweleza kipimajoto na nyuzi sitini, halafu akamweleza mama yake, na hapo hakuweza kusema vizuri. "Walimwita mchawi, Bi Zena. Aliacha kupika. Mtu aliyependa kupika vile!"

"Mama yako nani?"

"Bi Mwanaidi wa Gerezani."

Bi Zena aliinamisha kichwa.

"Nilikuwepo kwenye harusi ile, ila sikujua bi harusi ni wewe," alisema. "Siku hizo nilikuwa na mdomo mrefu. Na mimi nilisema."

Zamzam alimtazama mama huyu aliyetishia kumkatia riziki, akatafuta hasira, akaikosa. Labda alikuwa ameichosha kwa kazi za siku nzima. Akachota pilau ya mwisho, ya moto, wakala sahani moja.

Jumatano Bi Zena alipiga hodi mlangoni kwa Zamzam. Shaibu ni mzima, alisema, amemwona sokoni akinunua nyaya na anakula miwa. Kisha akafika kwenye jambo lililomleta.

"Jumapili ijayo kuna harusi Mchafukoge. Upike wewe. Nao wana desturi ya sinia, tena wao wanalipakua saa tano."

"Hao si Wazaramo, Bi Zena," alisema Zamzam. "Sina utani nao. Siwezi kuwanyang'anya."

"Najua. Wewe pika tu, lile sinia niachie mimi. Na wakiniuliza kwa nini, nitasimama katikati ya uwanja nimtaje Bi Mwanaidi, niwaambie hakumlisha mkwewe kitu."

Zamzam alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akashika ukingo wa mlango, akasema karibu ndani, chai iko motoni.