Mkono Ulioruhusiwa Kuanguka

Jumanne nilikuwa kwenye stesheneri moja ya Elerai nikisubiri barua yangu ichapwe. Mama anayechapa pale alipata kiharusi mwaka jana, na mkono wake wa kushoto huangukia kibodi bila yeye kutaka. Kila ulipoangukia kitufe chenye alama ya dirisha huku wa kulia ukibonyeza herufi, ukurasa ulitoweka. Mara ya nne akaacha kuchapa.

"Naona kazi hii imenikataa," alisema taratibu.

Nyuma yangu alikuwepo dada mmoja, fundi kompyuta kutoka Usa River.

"Shikamoo mama. Naomba nikae hapo kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Kwa dakika chache tu akazizima njia za mkato za kitufe kile, yaani amri zinazotokea kikibonyezwa pamoja na herufi. Mengine yote akayaacha. Kisha akauweka mkono wa kushoto wa mama juu ya kibodi.

"Sasa chapa, na huu uache uanguke."

Akachapa, nao ukaangukia kitufe kile kile. Ukurasa haukutikisika. Mama akautazama mkono wake kama mtu aliyeombewa akapona.

"Mkono wako hauna kosa, mama," alisema fundi. "Mashine ndiyo ilikuwa haijafundwa."

Miaka yote hii mimi nilidhani kompyuta haibishiwi. Barua yangu ilitoka na makosa mawili ya mkono ule, nami nimekataa kuyasahihisha.